Barua ya wazi kwa vijana wa gereji: gari likirudi, msilikimbie

Wanangu mafundi,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi pale gerejini, nikamsikia mmoja wenu akimwambia mteja, "Sisi tulishamaliza, lilikofia huko ni juu yako." Nikanyamaza. Kumkemea kijana mbele ya mteja si adabu. Nayasema leo.

Kutwa mnafungua injini za Toyota. Mwenye jina hilo mnamjua? Kiichiro Toyoda alizaliwa mwaka 1894 mkoani Shizuoka, Japani. Baba yake, Sakichi, mtoto wa seremala, alibuni mitambo ya kufuma nguo. Kiichiro akasomea uhandisi Tokyo, akarudi kwenye mitambo ya baba. Siku hizo barabara za Japani zilijaa Ford na Chevrolet, zilizounganishwa na Wamarekani huko huko. Mwaka 1933 kiwanda chao cha mitambo, mjini Kariya, kikafungua idara ya magari. Wakanunua Chevrolet, wakaifumua, wakapima na kuchora vipande vyake.

Kuchora ni rahisi. Shughuli ilikuwa bloku ya injini, lile pande kubwa la chuma lenye silinda. Ndani yake mna njia za maji, na ili zibaki wazi unaweka kiini cha mchanga kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia, kabla ya kumimina chuma kilichoyeyuka. Kiini kikitoa hewa, bloku inatoka na mapovu. Kikisogea kidogo tu, ukuta wa silinda unakuwa mwembamba upande mmoja. Walisubu, wakatupa, wakasubu tena, mamia ya bloku, hadi injini ya kwanza ikawaka mwaka 1934. Nanyi mkikatikiwa na bolti moja mnasusa chakula!

Novemba 1935 wakatoa lori, G1. Tusidanganyane, lilikuwa bovu. Likipelekwa Tokyo kwenye uzinduzi wake lenyewe, lilivunjika njiani upande wa usukani. Wateja wa mwanzo nao walikwama sana. Sasa hapa someni taratibu. Hawakumlaumu dereva. Walituma mafundi mpaka lori liliposimama, wakatengeneza bure, kisha wakachunguza kilichovunjika na kwa nini, ili lori linalofuata litoke likiwa imara zaidi. Kiichiro mwenyewe hakuogopa kuchafuka. Husimuliwa kwamba alikuta mashine imegoma na mfanyakazi amesimama anaitazama. Akakunja shati, akazamisha mkono kwenye oili, akaibuka na konzi ya tope.

Mimi sikuwa hivyo. Nilipoanza kujitegemea nilifunga giaboksi ya lori la mahindi. Usiku dereva akapiga, limekata porini. Nikazima simu. Alilala huko siku mbili na tandiboi wake, wakila mahindi ya mwenye mzigo. Nilidhani nimempoteza mteja mmoja, kumbe stendi nzima ilishapata habari. Mwaka mzima hakuna lori lililopaki kwangu.

Toyota Motor ikasajiliwa kama kampuni mwaka 1937. Baada ya vita hali ikawa mbaya, madeni yakabana, na mwaka 1950 kampuni ikataka kupunguza watu. Wafanyakazi wakagoma. Mwisho wake watu zaidi ya elfu moja wakaondoka, na Kiichiro, mkurugenzi mkuu, akajiuzulu, akaondoka naye. Wiki chache baadaye vita vya Korea vikaanza, Wamarekani wakaagiza malori kwa wingi, kampuni ikapumua yeye akiwa nyumbani. Walimwomba arudi. Akafariki tarehe 27 Machi 1952, akiwa na miaka 57, kabla hajakikalia tena kile kiti.

Jumamosi asubuhi nitapita. Ile injini iliyorudi mara ya pili msiifunge hadi nifike, na gasketi iliyoungua msiitupe. Iwekeni mezani. Yule mteja mpigieni, mwambieni aje, naye aione.

Babu yenu wa benchi