Wafula, kuhusu ule wavu

Ndugu yangu Wafula,

Salamu sana kwako, kwa mama watoto na kwa mzee. Huku tu wazima. Nekesa alisumbuliwa na homa lakini imeisha.

Barasa alipita hapa akaniambia umenunua wavu wa macho madogo, na kwamba unangojea mvua ndefu ili uutege katika mto Nzoia. Tangu aondoke nimekuwa nikiliwaza hilo tu. Nakuomba usiutege.

Mvua zikianza, yule samaki wetu ningu hutoka ziwani akapanda mto kwenda kutaga. Jike utakayemnasa wakati huo ataingia sufuriani na mayai yake yote. Wazee wetu walimjua ningu kwa wingi wake. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu, ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, na kufikia miaka ya 1950 zilikuwa zimepangwa kwenye midomo ya mito kumvizia akipanda. Alipungua mno, hata mitego ya kienyeji hapo Nzoia ikakosa kazi. Watu humlaumu mbuta, yaani sangara, kwa kila kitu, lakini ningu alikuwa ameshaanza kutoweka kabla mbuta hajatapakaa ziwani. Ndiyo maana hao wachache waliobaki wananiuma hivi.

Kama ni hamu ya kuvua, ngoja maji yapungue, mawe yaonekane, twende na ndoano. Najua utasema ningu hashiki ndoano. Hashiki kirahisi, kweli. Mdomo wake uko chini, una midomo minene, na chakula chake ni ule utelezi wa kijani na matope laini juu ya mawe. Chambo kinachoelea hana haja nacho. Tumia ndoano ndogo kabisa, tonge la ugali lisilozidi punje ya hindi, na chubwi jepesi linaloviringika na maji polepole. Ukiweka zito litakwama kati ya mawe na utakata mshipi kutwa nzima. Tupa juu ya mkondo, uache maji yenyewe yapeleke chambo nyuma ya jiwe, pale yanapotulia. Na usisimame juu ya mwamba jua likiwa mgongoni! Maji ni mafupi, kivuli chako kikiangukia ndani wote wanakimbia.

Fwani, samaki mwingine wa mto huo, ndiye atakayekupa raha zaidi. Huyo anakula karibu kila kitu: minyoo, konokono, wadudu, hata majani. Akishika anakimbilia kwenye maji ya kasi, nawe mwachie mshipi kidogo, usimvute kwa nguvu. Wengine humdharau kwa ajili ya miiba. Mimi simdharau hata kidogo. Samaki anayeishi kwenye maji yanayopiga mawe namna ile ana nguvu ya kweli.

Jambo moja usilichukulie kimchezo. Nzoia inapata maji yake Cherangani na Mlima Elgon, kwa hiyo inaweza kufura hata kama hapo ulipo kumekauka. Ukiona maji yamebadilika rangi au yameanza kubeba majani na vijiti, toka majini hapo hapo. Mwambie na yule kijana wa Nanjala, maana yeye hasikii.

Kuhusu pesa ulizotoa, labda aliyekuuzia atakubali kuurudisha. Akikataa, nitatafuta mtu wa ziwani mwenye kuvua samaki wengine... ila macho yake yakiwa madogo kupita sheria inavyoruhusu, hata huko haufai. Uliyapima?

Mbona umenyamaza muda wote huu? Barasa amesema kweli au ameongeza chumvi? Yule mzee wa ng'ambo bado anasuka migono ya kutegea samaki, na kuna kijana yeyote anayejifunza kwake? Maji yamefikia wapi pale kwenye mawe mapana? Na fwani, mwaka huu umemwona hata mmoja? Nijibu kabla mvua hazijaanza, hata kwa mistari miwili, ili nijue kama nije.

Ni mimi rafiki yako,
Simiyu