Usimwitikie Mshauri kwa Adabu Tu
Mwanangu Rukia,

Salamu zako zimefika, na hilo la kutafuta mshauri nasaha nimelipokea vyema. Wasiwasi wangu ni mmoja: utaketi mbele ya mtu mzima, aseme lisilokufaa, nawe uitikie "naam" saa nzima, ulipe, usirudi. Kisha utasema ushauri hausaidii.

Mpigie simu kwanza. Wengine hukubali dakika 10 au 15 bila malipo. Muulize kama amesajiliwa na bodi ya washauri na wanasaikolojia, ile ya sheria ya Kenya ya 2014, akuonyeshe na leseni. Halafu mwambie: "Mimi ni Mwislamu, naswali, na ya nyumbani nayasema kwa Kiswahili." Nyamaza, umsikilize. Akikimbilia jini, au akisema dini ndiyo inayokubana, mshukuru ukate simu. Anayefaa atakuuliza swala ina nafasi gani kwako. Na lugha usiidharau. Kwa Kiingereza utamsimulia vizuri mno, kama unahojiwa kazi.

Si lazima awe wa kwetu. Wa kwetu huelewa upesi, ila hudhani ameshaelewa, akaacha kuuliza. Na hapo Nairobi, mtaani kwako South B, anayeswali msikiti mmoja na shangazi yako mwache. Siri ina mipaka yake, naye aitaje kikao cha kwanza: ukiwa hatarini kujidhuru, au kumdhuru mtu, au mahakama ikiamuru.

Mpe vikao 3 au 4. Akikosea mwambie palepale, "Hapo hujanielewa." Huo si utovu wa adabu, ndiyo kazi unayomlipia. Lakini akikutomasa au akitoa siri yako, usirudi hata mara moja.

Uliza ofisini kama bima inalipia, na kama inataka kibali kabla. Wanafunzi wa ushauri walio chini ya msimamizi hutoza kidogo. Usingizi ukikatika kabisa, dawa ni za daktari wa akili, mshauri haandiki. Usiku ukizidiwa, simu 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni bure.

Bosi humwogopi, matatu za usiku huziogopi, ila kumwambia mtu mzima "hapana" hukuwezi. Usiitikie tu, Rukia. Na kikao cha simu usifanye yule mwenzako wa chumba akiwa nyuma ya pazia, utapunguza maneno.

Unga wa mahamri na iliki nimevituma kwa basi la usiku. Nenda na kitambulisho, si kama juzi. Kaka yako anataka chaja yake.

Mamako