Kabla ya kubadili kadi ya grafiki, tazama kwanza kinachorudisha mashine nyuma

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia uliwashauri vijana wanaocheza michezo ya kompyuta wanunue kadi mpya ya grafiki, yaani kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za mchezo, sasa hivi, kabla bei haijapanda zaidi. Niliisoma makala hiyo mstari kwa mstari, maana ndiyo kazi inayonilisha: nina chumba cha michezo katika kata la Bel-Air, mtaani Kampemba, hapa Lubumbashi, na vijana wanalipa kwa saa. Tangu ilipotoka, kila anayeingia ananiambia: "Mama, badilisha kadi, gazeti limesema." Naomba nafasi niwajibu wao nanyi kwa pamoja.

Kuhusu bei mmesema kweli. Tangu mwishoni mwa 2025 watengenezaji wa chipu za kumbukumbu, yaani Samsung, SK Hynix na Micron, wameelekeza nguvu kwenye vituo vikubwa vya akili bandia, kwa sababu huko ndiko kwenye faida. Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wataacha kuwauzia watu wa kawaida RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, zenye jina la Crucial. Kadi ya grafiki nayo imebeba kumbukumbu nyingi, kwa hiyo haiwezi kuponyoka. Anayengoja kwa matumaini kwamba mwaka ujao vitu vitashuka anaweza kungoja bure. Hata waliongoja zamani hawakupata kikubwa: kadi ya Nvidia inayoitwa RTX 4060 ilitoka 2023 kwa dola 299 huko Marekani, ikiwa na kumbukumbu ya GB 8, RTX 5060 ikatoka 2025 kwa dola 299 zilezile na GB 8 zilezile, ingawa ina kasi zaidi. Na hiyo ni bei ya huko. Mpaka mzigo upite bandarini, upite mpaka wa Kasumbalesa, ufike mjini, kila mkono umeshaongeza chake.

Ninachopinga ni kumtia kijana wa hapa mjini, wa Katuba au Ruashi, hofu ya bei, atoe akiba yake yote, bila kumuuliza kadi aliyonayo imemshinda wapi.

Mashine zangu karibu zote zina GTX 1060 ya GB 6, kadi ya Nvidia ya mwaka 2016. Moja ina RX 580, kadi ya AMD. Kutwa nzima vijana wanacheza mchezo wa soka wa EA Sports FC na ule wa magari na majambazi, GTA V, isipokuwa Mazembe wakicheza nyumbani, kwani siku hiyo chumba ni changu peke yangu. GTA V ilifika kwenye kompyuta Aprili 2015, na 1060 inaimudu bila shida. FC inakwenda vizuri ukiiweka kwenye ubora wa kati. Skrini zangu ni za 1080, hezi 60, maana yake zinaonyesha picha 60 kwa sekunde na si zaidi. Nikileta kadi inayotoa picha 150, macho ya mchezaji yataona zilezile 60. Sitalipa mamia ya dola kwa picha ambazo skrini haiwezi kuzionyesha.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila kijana akifanye kabla ya kuuza simu yake ili anunue kadi. Weka programu ya bure inayoitwa MSI Afterburner, iruhusu iandike takwimu pembeni ya skrini, kisha cheza mchezo wako wa kila siku bila kuweka kikomo cha picha. Kadi ikifanya kazi kwa asilimia 97 au 99 muda wote na mchezo bado unakwamakwama, basi kadi imefika mwisho wake, una haki ya kuibadili. Lakini kadi ikiwa kwenye 50 huku kiini kimoja cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kinagonga 100, tatizo ni prosesa, na hata ukinunua kadi ya dola elfu moja utapata mkwamo uleule. Hivi karibuni kijana mmoja aliniletea kasha lake akilia kwamba kadi yake imechoka. Tulipima mbele yake. Ilikuwa RAM: fimbo moja tu ya GB 8, kivinjari kimefunguliwa nyuma, kompyuta inahangaika kuandika kwenye diski. Alihitaji fimbo ya pili.

Mwingine alikuwa ameshikilia kwamba lazima anunue kadi ya Intel Arc B580. Namwelewa, kwa sababu kwenye karatasi inavutia: ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249, GB 12. Ila kadi hiyo inataka ubao mama, yaani ule ubao mkubwa ambao vipande vyote vinachomekwa, wenye uwezo unaoitwa Resizable BAR, unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja. Bila huo kasi yake inaanguka vibaya. Yeye ana prosesa ya zamani, Core i5 ya kizazi cha 4, kompyuta ya ofisi iliyotoka Ulaya kwa mtumba kama nyingi zilizopo hapa mjini, na ubao wake hauna uwezo huo. Makala yenu iliisifu kadi hiyo, wala haikusema neno juu ya ubao.

Na wapo wanaonunua kwa ajili ya GTA VI. Wanangu, watengenezaji wake, Rockstar, wametangaza tarehe 19 Novemba 2026 kwa PlayStation 5 na Xbox Series X na S. Kwa kompyuta hawajataja tarehe. GTA V ilitoka kwenye konsoli Septemba 2013, na sisi wa kompyuta tukangoja mpaka 2015. Kununua kadi leo kwa ajili ya mchezo ambao mahitaji yake kwenye kompyuta hayajaandikwa popote ni kutupa makuta, yaani fedha.

Sasa umeme. Ukurasa wenu haukuutaja hata mara moja, na hapa Lubumbashi ndio unaoamua mambo. Nyumba nyingi umeme unakuja na kuondoka. Ukija, jioni watu wote wanapopika, volti zinashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Ukirudi baada ya delestaji, yaani kukatwa kwa mgawo, unarudi kwa kishindo. Hapo ndipo kadi zinapokufa. Mwenye dola 250 mkononi na mashine iliyochomekwa moja kwa moja ukutani, ningemwambia anunue kwanza stabilaiza ya kweli, kifaa cha kutuliza volti, na kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme akibadilishe, maana vile vinavyokuja na makasha ya bei rahisi vinaandikwa wati 500 na havifiki. Kadi mpya juu ya umeme huo haina usalama wowote.

Sisi tunaotumia jenereta tunahesabu wati kama tunavyohesabu unga. RX 580 imekadiriwa wati 185. GTX 1060 ni 120. RX 6600, iliyotoka Oktoba 2021, ni 132, na ina kasi kuliko zote mbili. RTX 4060 ni 115. Wati 50 za tofauti kwa mashine moja si kitu. Ziweke kwenye chumba kizima, saa nyingi, kwa petroli unayonunua kwa lita, utaziona mwisho wa mwezi. Hiyo ni sababu ya kubadili kadi ambayo naikubali kwa moyo wote, na sijaiona ikiandikwa.

Kuna kazi nyingine ambayo haina gharama kubwa, nayo inafufua kadi nyingi kuliko duka lolote. Vumbi letu jekundu la kiangazi, kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, linaingia kila mahali. Kadi yangu mojawapo ilikuwa inafika nyuzi 83, na 1060 ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue; mchezaji anaona mchezo unalegea baada ya dakika kumi na anadhani kadi imezeeka. Niliifungua mezani. Skrubu nne zenye springi zinazozunguka chipu huzilegezi moja mpaka mwisho. Unazilegeza kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mshazari. Ukiinua kipoozeo, usikivute, kwa kuwa waya wa feni ni mfupi na soketi yake inang'oka na ubao. Ndani, kati ya mapezi, vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi, hewa haipiti kabisa. Ile pasta ya kupitisha joto juu ya chipu ilikuwa imekauka, inabanduka kwa vipande. Nilisafisha kwa pamba na alkoholi ya famasi, nikapiga mapezi kwa brashi ya rangi huku nimeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, nikatia pasta mpya, tone dogo katikati. Jioni ileile kadi ilisimama kwenye nyuzi 70 na haikulegea tena. Pasta ni dola chache. Fundi akikuambia kadi imekufa kabla hajaifungua, mwombe aifungue mbele yako.

Sisemi watu wasinunue kamwe. Mwenye kadi ya GB 2, au GB 4 anayetaka michezo ya karibuni, amebanwa kweli, na kupunguza ubora hakutamsaidia siku zote. Ipo michezo inayokataa kabisa kadi zisizo na vifaa vya kufuatisha miale ya mwanga: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 haziwaki kwenye GTX 1060 hata ufanyeje. Pia Nvidia walisimamisha mwezi Oktoba 2025 masasisho ya michezo kwa familia ya GTX 10, wakaahidi ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kwa hiyo 1060 zangu najua ziko safarini. Lakini mwezi huohuo wa Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 10 nayo ilikoma, na mashine zangu, za kizazi cha 4 kama ile ya yule kijana, haziruhusiwi rasmi kwenye Windows 11. Fedha nitakazoweka kwenye kadi leo nitakuwa nimezipachika kwenye mwili ambao nao unaondoka. Bora niziweke akiba kwa ajili ya mashine nzima, moja baada ya nyingine.

Na anayenunua mtumba awe macho. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni kwa wingi. Si zote mbovu. Wajanja ndio tatizo. Kuna RX 580 iliyotengenezwa kwa soko la China yenye viini 2048 badala ya 2304. Inauzwa hapa kwa jina lilelile na bei ileile. Kuna kadi za zamani kabisa ambazo zimeandikwa upya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Fungua GPU-Z, programu ya bure inayosoma kadi: viini vitaonekana, na kadi ya kughushi mara nyingi itatajwa waziwazi. Kabla hata ya kuiwasha, tazama nyuma yake. Familia ya GTX 10 haitoi yenyewe picha ya VGA, ule mfumo wa zamani wa kuunganisha skrini. Ukiona lile tundu la bluu kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti, mrudishie mwenyewe. Ikipita hapo, icheze nusu saa mbele ya muuzaji, kwa mchezo mzito, ukitazama kama madoadoa ya rangi yanatokea. Akikataa isiwashwe, ondoka.

Kwangu mimi, ile RX 580 itatoka, na nafasi yake natafuta RX 6600, kwa ajili ya jenereta. GTX 1060 zitabaki. Ninyi mkiandika tena juu ya kadi, tafadhali wekeni pembeni ya bei wati zake, urefu wake kwa sentimita, na ubao mama unaoifaa. Vijana wanaikata makala wanaiweka mfukoni, na ndiyo wanayoibeba kwenda dukani.

Mwenye chumba cha michezo,
Bel-Air, Lubumbashi