Yah: Mama yangu alishukwa na sukari ndani ya boti, mkampa mfuko wa kutapikia

Kwa Meneja wa Uendeshaji,
Ofisi ya Bandarini, Malindi,
Unguja.

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kuhusu safari yenu ya asubuhi kutoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja. Tarehe na namba za viti vyetu zimo kwenye nakala za tiketi nilizoambatanisha. Mama yangu ana kisukari na anachoma insulini. Siku hiyo nilikuwa nampeleka kliniki Mnazi Mmoja. Alfajiri alichoma sindano yake, akanywa uji, tukateremka bandarini. Mlangoni pa boti kijana wenu akatupokea mkoba na kusema mizigo yote inakaa mbele, chini ya turubai. Nikamwambia umo kipimo cha sukari cha mgonjwa. Akanijibu, "Hakipotei, dada."

Huu ni msimu wa kusi, na chombo kinachotoka Pemba kwenda Unguja upepo huo hukipiga kichwa kwa kichwa. Tulipoingia mkondo wa Nungwi watu walitapika safu kwa safu. Mama naye akatapika, uji wote ukatoka. Insulini ilikuwa imeshaingia mwilini na chakula hakimo tena, kwa hiyo sukari ilikuwa haina pa kwenda ila chini. Akatokwa na jasho jembamba la baridi, mikono ikamtetemeka, kisha akaanza kuniita kwa jina la dada yake ambaye ni marehemu, akiniuliza kama karafuu zimeshaanuliwa.

Nilimwita mhudumu wenu nikamwambia wazi: mama ana sukari, imeshuka, nataka kitu kitamu na nataka mkoba wangu. Akanipa mfuko mwengine mweusi. "Bahari hiyo, dada. Mwambie alale tu, leo kila mtu yuko hivyo."

Hapa ndipo penye malalamiko yangu makubwa, Meneja, na naomba usipapite haraka. Aliyelewa bahari hutapika, hulalamika, humwomba Mungu afike, lakini anajua yupo wapi na anajua mtoto wake ni nani. Anayetetemeka, anatoka jasho na kusema maneno yasiyo na mbele wala nyuma, huyo si bahari. Kumwambia alale ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu sukari ikiendelea kushuka atapoteza fahamu, na nyinyi mtadhani kapata usingizi. Mhudumu hahitaji udaktari kulijua hili. Anahitaji kuuliza maswali mawili: ana maradhi gani, na leo ametumia dawa gani? Mimi hata sikusubiri kuulizwa, nilimwambia mwenyewe. Hakuniamini.

Nilipozidi kupiga kelele akaja na soda. Kwa nia njema kabisa, nakiri, akachagua ile isiyo na sukari, maana amesikia mama ana kisukari. Soda hiyo haimsaidii chochote mtu ambaye sukari yake imeshuka. Kama si mama mmoja abiria, muuguzi kwa kazi yake, aliyekuwa safu ya nyuma yetu, sijui ningeandika barua ya aina gani leo. Alimketisha mama wima, akahakikisha anaweza kumeza, akapitisha sauti kwa abiria, na mtoto wa skuli akatoa pakiti yake ya juisi. Mama akanywa kidogo kidogo, kisha biskuti. Baada ya kama robo saa akanitambua. Muuguzi yule aliniambia neno ambalo ningependa wahudumu wenu wote walijue: mgonjwa akishapoteza fahamu hatiwi kitu mdomoni, analazwa ubavu asipaliwe, na hapo kinachotakiwa ni hospitali.

Tuliomba sanduku la huduma ya kwanza. Lilikuja baada ya ufunguo kutafutwa: pamba, plasta, mkasi. Hata pakiti ya glukosi, ambayo inauzwa kila duka la dawa, hamna. Tuliomba nahodha aarifiwe. Tukaambiwa nahodha hasumbuliwi chombo kikiwa mkondoni. Naelewa kwamba mkondoni nahodha ana kazi. Lakini kutoka Nungwi hadi Malindi bado kuna mwendo, bahari imetulia, na redio anayo. Angeweza kuita bandarini gari la wagonjwa likatusubiri.

Hatukukuta gari. Tulizuiwa tusubiri abiria wengine washuke kwanza, kisha tusubiri mizigo. Machela haikuwepo, tukambeba mama juu ya kiti cha plastiki, mimi na baharia wenu mmoja kijana ambaye hakuambiwa na mtu afanye vile. Huyo mshukuruni. Mkoba ulipopatikana nikampima palepale gatini: 3.4 mmol/L, na hapo ameshakunywa juisi na kula biskuti. Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka. Alivyokuwa kule mkondoni ilikuwa ngapi, hatutajua, kwa sababu kipimo kilikuwa chini ya turubai lenu.

Nilipopiga simu ofisini kwenu nilijibiwa kwamba boti si hospitali, na kwamba naweza kupewa tiketi ya bure. Tiketi siitaki. Na boti si hospitali, kweli, lakini kwa sisi wa Pemba ndiyo barabara ya kwendea hospitali. Angalia abiria wenu wa asubuhi: wenye barua za rufaa, wajawazito, wazee wa presha, watoto wenye pumu. Hamuwezi kuchukua nauli zao kisha mkashangaa mmoja akiumwa.

Kabla ya kung'oa nanga mlituonesha namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Vizuri. Baada ya kuzama kwa meli za Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012 hakuna Mzanzibari atakayelidharau hilo. Lakini mtu hufa pia ndani ya chombo ambacho hakikuzama.

Ninachotaka ni hiki. Mgonjwa aachiwe mkoba wa dawa zake mikononi, bila kubishana mlangoni. Wahudumu wafundishwe huduma ya kwanza na watu wanaoijua, si kwa karatasi ya kubandika ukutani. Sanduku lisiwe na kufuli, na liwe na glukosi na kipimo cha sukari. Nahodha aarifiwe kila abiria anapozidiwa, na yeye ndiye aamue kama ni jambo la kusumbuliwa au la, si mhudumu. Anayeumwa ateremke mwanzo. Sitaki yule kijana wa mifuko afukuzwe kazi, maana alifanya alivyofundishwa, yaani hakufundishwa kitu.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, yakieleza lipi mtalifanya na lini. Mama ana miadi nyengine ya kliniki na atapanda boti, kwa kuwa njia nyengine tunayoimudu hatuna. Siku hiyo mkoba nitaushika mwenyewe, na nakala ya barua hii nitakuwa nayo.

Wenu,
Abiria wa Mkoani
(jina na namba ya simu vimo ndani ya bahasha)

Nakala: Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar