Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wafuga vipepeo,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema ya viwavi, maana mwaka huu wametutia aibu.

Masika ilianza vizuri. Milimau na michungwa ilichipua, na kipepeo wetu, *Papilio demodocus*, akataga kama kawaida yake: yai mojamoja, dogo kama punje ya ulezi, la njano iliyofifia, juu ya jani changa. Wengi wetu tuliyapita mayai hayo. Tukaokota viwavi wakubwa wa kijani kwa kuwa wanaonekana kirahisi, tukajisifu kwamba tumeokoa siku. Kumbe nyigu wametuwahi, wameshawadunga na kuwatagia mayai mwilini huko huko bustanini. Nilikuwa na pupa tano (viwavi waliokwisha kujifungia kwenye ganda wageuke vipepeo) kwenye ndoo niliyoifunika chandarua. Asubuhi moja nikakuta tatu zimetobolewa ubavuni, na vinyigu vyeusi vinatambaa kwenye chandarua. Kipepeo hakuna.

Kwa hiyo kamati imeamua: tulete ndani mayai ya kipepeo. Kiwavi aliyekwisha kuwa wa kijani abaki mtini kwake.

La pili ni majani. Mwanachama mwenzetu alipewa tawi la mchungwa na jirani, na kabla ya magharibi viwavi wake wote walikuwa wamelegea. Mti ulikuwa umepuliziwa dawa. Kuosha hakusaidii sana, dawa nyingine huingia hadi ndani ya jani. Kila mtu aoteshe mche wake wa ndimu, hata kwenye kopo.

Kwa wenye watoto (na wazee wasio na subira, nikiwemo): pupa haitaki pupa. Kipepeo akitoka, mbawa zake zimejikunja kama kitambaa kibichi. Anataka mahali pa kuning'inia hadi zinyooke na kukauka. Ukimnyoosha kwa vidole, umemlemaza.

Wakulima wa machungwa hapa Muheza wanatuuliza kwa nini tunafuga mdudu anayekula miche yao. Wana haki. Tusiwaachie vipepeo karibu na vitalu, basi.

Na wanaotaka tuuze pupa kama wenzetu wafuga vipepeo wa Amani, kule milima ya Usambara, wakumbuke kwamba soko lile la nje lilifungwa 2016, serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Sisi tunafuga kwa kupenda.

Vyandarua vikuukuu mlivyochanga viko barazani kwangu. Njooni mvichukue kabla ya vuli, panya wameanza kuvizoea.

Mwenyekiti