Mwanangu, Usimkopee Mungu

Machame, Jumapili jioni

Mwanangu,

Huku hatujambo, goti la mama yako limetulia kidogo. Alhamisi uliingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka kwa watu nisiowajua, wananitaka nikushauri ulipe laki tatu na arobaini kabla hawajakutangaza. Nikasema matapeli hawa. Mdogo wako ndiye aliyenitoboa sikio: ulikopa ukapeleke sadaka ya mbegu huko unakosali siku hizi. Mkopo wa kausha damu, mwanangu? Ndiyo umtolee Mungu?

Sikukatazi kutoa. Nitakukatazaje, na mimi ndiye nahesabu kapu kila Jumapili? Tena ada ya mdogo wako umeilipa bila kusukumwa na mtu, nami nimejisifu nayo mpaka wazee wenzangu wamechoka. Lakini kukopa, hapana.

Najua utanitolea mjane wa Sarepta. Msome tena. Alikuwa na konzi ya unga pipani na mafuta kidogo chupani, akamwandalia Eliya kwanza. Unga ulikuwa wake, hakuukopa popote. Yule mwingine, wa Elisha, aliazima vyombo kwa majirani, ndiyo, lakini vitupu. Na mafuta yalipojaa aliambiwa nini? Auze, alipe deni, kinachobaki ale na wanawe. Nabii hakujitengea hata kibaba.

Na zaka ya Malaki ni fungu la kumi la ulichopata. Deni hujalipata, umeshikizwa tu. Mnapenda kunukuu 2 Wakorintho 9, apandaye haba. Rudi nyuma sura moja, aya ya 12: mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Tena mchango ule Paulo aliukusanya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Mbegu yako imekwenda kwa maskini gani? Nauliza tu.

Leo mnadani baada ya ibada, bibi mmoja wa huku bondeni alileta mayai manne kwenye kikombe cha plastiki, kayafunika na kipande cha jani la mgomba. Aliyeyanunua akayarudisha yanadiwe upya, na wa pili vivyo hivyo, yakafika elfu kumi na mbili. Bibi alicheka hadi akashika ubavu. Kesho hakuna atakayempigia simu kumdai.

Habari ya cherehani unaijua, siirudii. Ila ahadi ya paa la kanisa niliitaja mimi, nimesimama mbele za watu, na aliyeilipa si mimi. Daudi alikataa kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu yeye mwenyewe. Aya hiyo nimeisoma kwa sauti kanisani mara nyingi, mama yako ameketi benchi la tatu. Hajawahi kusema neno. Paa halivuji, hilo nashukuru.

Sasa, mwezi huu usitume chochote huku. Wala usidhani nakusema ili hela ije kwangu; walipe hao kwanza, uwamalize, na uthibitisho wa malipo uutunze. Uangalie pia kama wana leseni, maana mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizoruhusiwa. Ukikwama niambie mimi, si programu nyingine. Na mchungaji wenu akiita tena watu wa mbegu wapite mbele, wewe kaa kwenye kiti chako. Ukiwa na elfu mbili toa elfu mbili. Usikope.

Ng'ombe kazaa dume, bahati mbaya. Kahawa iko kwenye wavu lakini jua halionekani, kutwa tunakimbizana na manyunyu. Migomba ya upande wa mfereji imeangushwa na upepo, miwili ilikuwa na mikungu. Mdogo wako anaomba viatu vya shule, mwambie asubiri.

Ukipata mtu wa kuja huku, mpe sindano za cherehani, namba 16, pakiti mbili. Mama yako bado anakwenda kushonea kwa jirani, na juzi amemvunjia sindano.

Baba yako