Tathmini ya hatari za taifa: tuusome mstari wa ugonjwa mpya

Mhariri,

Kila magonjwa ya mlipuko yanapotajwa, hakosekani wa kushauri kwamba serikali iyaingize kwenye tathmini ya usalama wa taifa, yakae pamoja na ugaidi, kama wafanyavyo Waingereza. Ushauri si mbaya. Ila wanaoutoa hawasemi yaliyowakuta hao Waingereza.

Tathmini yao ni ya siri. Wananchi hupewa toleo lililochujwa. Kila hatari hupewa mstari wake na alama mbili, ya uwezekano na ya athari, na alama ya athari hutokana na kisa cha kubuni: hali mbaya kuliko zote ambayo mtu mwenye busara anaweza kuitarajia. Hapo ndipo walipoteleza. Mwaka 2019 janga la mafua lilikadiriwa kuua watu 820,000. Mstari mwingine, wa ugonjwa mpya wa kuambukiza, ukaandikwa wagonjwa 2,000 na vifo 200, kana kwamba kila ugonjwa mpya lazima udhibitiwe mapema kama SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa mwaka 2003. Kirusi kipya kinachosambaa kama mafua hakikuwa na mstari wake.

Na fedha hufuata tarakimu. Mpango wao wa 2011 ulikuwa wa mafua, na ulilenga kupunguza madhara kuliko kuzuia maambukizi. Tamiflu, dawa ya mafua, ilijazwa maghalani; uwezo wa kupima umma na kufuatilia waliotangamana na wagonjwa haukujengwa kwa kiwango hicho. UVIKO-19 ulipoingia, tarehe 12 Machi 2020 ufuatiliaji huo ukasimamishwa mitaani. Korea Kusini, iliyoumizwa na MERS, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya SARS, mwaka 2015 (wagonjwa 186 na vifo 38, chanzo msafiri mmoja), ilikuwa imeshajipanga upya kwa upimaji.

Mazoezi ya kuigiza mlipuko hayakukosekana kwa Waingereza, jamani. Zoezi la Alice la Februari 2016 lilihusu MERS hiyohiyo. La Cygnus, Oktoba mwaka huo, lilikusanya watu zaidi ya 900 kwa siku tatu na kuzaa mapendekezo 22. Uchunguzi wa UVIKO-19 nchini humo ulioongozwa na jaji mstaafu Heather Hallett, uliotoa ripoti yake ya kwanza Julai 2024, ulikuta kwamba hadi janga linaingia ni 8 tu yaliyokuwa yamekamilika. Nchi hiyohiyo, Oktoba 2019, iliwekwa ya pili kati ya nchi 195 kwa kujiandaa na magonjwa!

Kwetu Afrika zana inayotumika sana ni ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iitwayo STAR: wataalamu wa afya, mifugo, wanyamapori na maafa hukaa warshani na kuipa kila hatari alama. Mtego wetu upo kwenye swali la "hutokea mara ngapi". Kipindupindu hupanda juu, na ni haki yake. Lakini kabla ya Machi 2023 Tanzania haikuwahi kuthibitisha mgonjwa hata mmoja wa Marburg, ugonjwa hatari wa jamii ya Ebola. Kwa kuangalia historia yetu peke yake, ungekaa mkiani. Wakati huo Uganda, inayopakana na Kagera, ilikuwa imeshaupata 2007, 2012, 2014 na 2017, na popo wala matunda wanaobeba kirusi hicho hawapiti uhamiaji. Bukoba wakapatikana wagonjwa 9, wakafa 6. Mwaka 2025, Biharamulo, wagonjwa 10, wakihesabiwa na wa kudhaniwa. Hakupona hata mmoja. Alama ya uwezekano ihesabu basi mpaka, mapango, migodi na njia za wasafiri, si rejista zetu tu.

Kwa hiyo waandishi wako wakialikwa kwenye warsha ya namna hii, picha ya mgeni rasmi akifungua haitoshi. Waombe kuona mstari mmoja tu, wa ugonjwa usiojulikana. Umeandikiwa wagonjwa wangapi, na nani alikadiria? Sampuli kutoka zahanati ya mpakani inafika maabara baada ya saa ngapi? Na ni ofisa wa cheo gani anayeweza kuidhinisha mafuta ya gari la kuipeleka, ikiwa ni Jumapili?

Msomaji wako,
Bukoba